Huu Mkoba ni wa Wapi?

Simu iliita nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi, tumekwama Jangwani, mkono mmoja umeshika bomba la juu na mwingine unapapasa mfukoni. Alikuwa shemeji, mke wa kaka yangu. Nyuma yake nilisikia injini za malori na mtu anawaita abiria warudi kwenye basi. Alikuwa mpakani, njiani kwenda Nairobi na mikoba sitini ya kitenge ndani ya mabegi mawili ya shangazi kaja.

"Shem, wananiuliza hii mikoba ni ya wapi. Niwajibu nini?"

"Kitenge ulinunua wapi?"

"Si Kariakoo, shem. Kwani pengine ni wapi?"

"Basi hicho ni cha China. Na cheti cha uasili, kile cha kuthibitisha mzigo umetengenezwa wapi, huna. Lipa tu, basi lisikuache."

Akalipa. Alilipa ushuru kama vile ile mikoba ilipakiwa kwenye kontena Guangzhou na yeye alikuwa mbebaji tu.

Sekunde arobaini, ndivyo simu yangu ilivyoandika. Wiki ya tano hii bado zinanikera.

## Mtu wa bandarini

Kila ukoo una watu wake. Kuna mtu wa hospitali, kuna mtu wa polisi, na kwetu mimi ndiye mtu wa bandarini. Nimeshika makaratasi ya forodha kwa miaka minane, kwenye ofisi ya wakala huku mjini. Mtu akikwama na gari, friji au mzigo wa shangazi kutoka Muscat, anapiga simu kwangu. Kwa hiyo shemeji hakunipigia kubahatisha. Alipiga kwa anayejua.

Na anayejua akajibu bila kuhesabu chochote.

Ilichukua siku tatu nne nijue ni nini hasa kinanikera. Hela aliyolipa niliweza kumrudishia, na nusu yake nilimrudishia kweli. Kilichonikera ni kwamba yeye aliulizwa kuhusu mkoba, mimi nikajibu kuhusu kitambaa.

## Daftari la vijumba

Jumamosi nikaenda Mbagala. Meza ya shemeji iko barazani, cherehani upande mmoja, upande wa pili rundo la vishikio vya ngozi anavyochukua kwa fundi mmoja wa jirani. Nikamwambia nataka tuhesabu mkoba mmoja, kuanzia uzi. Akacheka. Akachukua daftari la hesabu la mwanawe, lile la vijumba, akafungua ukurasa wa nyuma.

Pisi moja ya kitenge, yadi sita, shilingi 18,000. Inatoa mikoba minne, kwa hiyo kitenge cha mkoba mmoja ni 4,500. Bitana 1,200. Zipu 500. Uzi tukakadiria 300. Ile karatasi ngumu ya kuupa mkoba umbo, 1,000. Vishikio 4,000 kwa jozi. Yeye anauza 25,000 hapo hapo barazani.

Toa vishikio, maana ngozi ni ya hapa na fundi ni wa hapa. Vingine vyote tuseme vimetoka nje. Jumla ni 7,500. Gawanya kwa 25,000.

Asilimia 30.

Sasa, kuna kanuni za uasili za Jumuiya ya Afrika Mashariki, zile za 2015, zinazoamua kama bidhaa ihesabiwe ya Jumuiya ili ipate nafuu ya ushuru. Kwa bidhaa nyingi zinatoa njia mbili. Ya kwanza ni ya thamani: malighafi kutoka nje ya Jumuiya isizidi asilimia 70 ya bei ya kutokea kiwandani. Ya pili ni ya namba za forodha, ambazo kila aina ya bidhaa ina yake: ulichoingiza kiwe kwenye namba moja, ulichotoa kiwe kwenye nyingine, ukitazama tarakimu nne za mwanzo. Kitenge cha pamba kiko 52.08. (Kama ni pamba kweli. Cha bei hiyo kingi ni polista, nacho kina sura yake nyingine.) Mkoba uko 42.02. Kati ya namba hizo mbili kuna mwanamke na mkasi.

Nikapima njia zote mbili. Mkoba ukapita kote, na si kwa chupuchupu. Hata ukisema vishikio navyo vimetoka nje, unafika asilimia 46.

Ulikuwa wa Tanzania muda wote.

Shemeji alinitazama mimi, akalitazama daftari, akauliza swali ambalo nilijua linakuja. "Kwa hiyo ile siku ungeweza kuniambia hivi kwa simu?"

Ningeweza.

## Bei ya risiti na bei ya kawaida

Nilijitetea kidogo, nakiri. Nikamwambia hata kama ningejua, ushahidi uko wapi? Afisa akitaka kujua kitenge ulikinunua bei gani, utamwonyesha nini? Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unayo?

Hana. Dukani alipewa chaguo ambalo kila anayenunua Kariakoo analifahamu: unataka bei ya risiti au bei ya kawaida? Kwa pisi kumi na tano, tofauti yake ni nauli ya kwenda mpakani. Angechagua nini?

Nikabaki nimeshika hoja hiyo njia nzima ya kurudi mjini, nikijiona nimeponea. Kanuni ni rahisi, ushahidi ndio mgumu, na ushahidi si kazi yangu. Ilikuwa usiku, nimelala chali, nikaona hoja yenyewe ina tundu kubwa.

Risiti ya kitenge ingethibitisha nini? Kwamba kimetoka China. Lakini hilo sisi tumeshalikubali! Tumekihesabu chote kuwa cha kigeni tangu mstari wa kwanza wa daftari. Katika hesabu ya namna hii, malighafi isiyojulikana ilikotoka huwekwa upande wa kigeni, kwa bei ya kwanza inayoweza kujulikana iliyolipwa hapa nchini. Ukiweka kila kitu upande wa hasara na bado ukapita, historia ya kile kitambaa haina haja ya kufukuliwa. Kinachobaki kuthibitishwa ni kimoja: kwamba umeshona wewe. Na hilo linaonekana barazani kwa macho.

Hapa ndipo nilipobadilika. Kwa miaka minane nimekuwa nikisikia watu wanalilia kanuni za uasili zirahisishwe, nami nilidhani wanataka asilimia ishushwe au fomu ipunguzwe kurasa. Kwa mtu wa barazani asilimia si tatizo. Anazipita akiwa amelala. Tatizo ni kwamba anaulizwa swali la mwenye kontena: kitambaa hiki kimetoka kwa nani, kwa ankara gani, kwa meli gani. Mwenye kiwanda ana karani wa kujibu. Shemeji ana mimi.

Na mimi nilijibu vile mlivyosikia.

## Karatasi ambayo sikumtajia

Kuna jambo jingine, na hili naliandika kwa aibu. Jumuiya ina cheti rahisi cha uasili kwa wafanyabiashara wadogo. Ni kwa mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, na hutolewa mpakani pale pale. Mikoba sitini kwa 25,000 ni shilingi milioni moja na nusu. Hata nusu ya kiwango hicho haifiki.

Nilikuwa nakijua. Sikukitaja, wala hata kumwambia aulizie orodha. Hakikunijia kichwani kwa sababu wateja wangu ni watu wa makontena, na mtu wa makontena hana haja nacho.

Nilipomweleza, shemeji hakuruka kwa furaha. Aliendelea kukata bitana.

"Hiyo karatasi inachukua muda gani?"

"Wanakuandikia hapo hapo."

"Basi la Nairobi linasimama hapo muda gani?"

Sikujibu.

"Na yule dereva akiondoka na mikoba yangu, shem, cheti nitakipeleka wapi?"

Wataalamu wa biashara wana namna yao ya kuliandika hili: kwamba nafuu ikiwa ndogo kuliko gharama ya kuithibitisha, mfanyabiashara hulipa ushuru kamili na kunyamaza. Au anapita njia ya panya. Shemeji hajasoma hayo. Anajua tu dereva wa basi ni mtu wa namna gani.

## Lebo mpya

Nisije nikaonekana nimeokoka moja kwa moja. Wasiwasi ninao, na una sura.

Miaka ya nyuma niliwahi kuingia kwenye godauni moja, jina na mtaa naviacha, nikakuta vijana sita wamekaa sakafuni na marundo ya foronya. Zilikuja zimeshonwa, zimekunjwa, ziko kwenye nailoni. Kazi yao ilikuwa kutoa lebo moja na kuweka nyingine yenye jina la Tanzania. Walikuwa wanacheka na redio imewashwa. Huwezi kusema hawafanyi kazi.

Kwa sababu ya godauni lile niliamini kanuni ngumu ni ngao. Kweli, mikataba karibu yote inakataa mambo kama kufungasha, kupiga pasi, kubandika lebo na kupanga bidhaa kwenye maboksi kuwa chanzo cha uasili, hata ukilipia kazi hiyo hela nyingi. Lakini lebo ikishabandikwa, nani atajua? Ukimruhusu mtu wa barazani ajitangazie asili mwenyewe, si unamruhusu na yule wa godauni?

Kuna na hoja ya pili, ya wazee wa kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo na wote waliowahi kusikia mashine za kufuma nguo. Pamba tunalima Shinyanga na Simiyu, na sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa nyuzinyuzi tu. Kwa nini mkoba uitwe wetu wakati kitambaa si chetu? Tukitaka viwanda, tudai hatua mbili: fuma hapa, shona hapa. Hoja hii nimeitetea mwenyewe kwenye vijiwe vya kahawa, na sauti nilipandisha.

Ila nikitazama waliojaribu, naona mambo hayakwenda kwa mpangilio huo. Umoja wa Ulaya ulidai hatua mbili kwa nguo kwa miaka mingi. Mwaka 2011 ukalegeza kwa nchi maskini zaidi, sisi tukiwemo, ikatosha kushona tu. Marekani chini ya AGOA, sheria yake ya kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, nayo iliziruhusu nchi nyingi za Afrika kushona kwa kitambaa cha nchi ya tatu. Lesotho ilijaa viwanda vya kushona kwa sababu ya ruhusa hiyo, na denimu ikaja kuanza kufumwa huko huko baadaye. Cherehani zilitangulia, mashine za kufuma zikafuata. Sidai kwamba itakuwa hivyo kila mahali. Nasema tu kwamba sijaona pamba yetu ikigeuka kitenge kwa sababu shemeji alitozwa ushuru mpakani.

Kuhusu wa godauni, jibu nililonalo ni la kikarani. Wazungu wameweka mfumo ambao muuzaji aliyesajiliwa anaandika tamko la uasili mwenyewe kwenye ankara, na kwa mzigo usiozidi yuro 6,000 hata usajili hauhitajiki. Ukidanganya unafuatwa baadaye, kwenye vitabu vyako. Yaani mlango uko wazi kidogo na mkaguzi yuko nyuma yako. Kwetu mkaguzi anakaa mlangoni, anamshika mwenye begi la shangazi kaja, na foronya zinapita zikiwa na karatasi safi kabisa. Karatasi za foronya huwa safi siku zote. Nimeziona.

## Pipi

Halafu kuna swali ambalo nikiwaza sana linanitoa usingizini. Kwa nini ndani ya Jumuiya tunaulizana asili hata kidogo?

Tuna Umoja wa Forodha tangu 2005. Ushuru wa nje ni wa pamoja: sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa zilizokamilika, na tangu 2022 ngazi ya nne ya 35. Kama kitenge kimelipiwa ushuru ule ule bandarini hapa ambao kingelipiwa Mombasa, basi kikishalipiwa kimekuwa cha ndani. Kizunguke. Mkoba uliotokana nacho ukiulizwa kwao, jibu ni "umelipiwa", basi.

Mnakumbuka pipi za 2018? Tanzania ilizitoza pipi na chokoleti za Kenya ushuru wa asilimia 25, hoja ikiwa ni sukari ya viwandani iliyoingizwa Kenya kwa msamaha. Huku mjini tulishangilia, mimi nikiwemo. Wenzetu nao wakaja juu. Ukiziacha kelele, kila upande ulikuwa na mantiki yake. Sukari ikiingia kwa jirani bila ushuru na hapa kwa ushuru, pipi ya jirani inashinda kabla haijafika dukani. Lazima uulize pipi ina nini tumboni.

Ule msamaha ndio uliozaa swali. Na misamaha haiishi. Kila mwaka baada ya bajeti linatoka gazeti la Jumuiya lenye orodha: nchi hii imeruhusiwa kutoza tofauti kwenye bidhaa hii kwa mwaka mmoja, ile imepewa nafuu kwenye malighafi ile. Kila nchi ina sababu zake nzuri, hata sisi. Lakini kila mstari kwenye orodha ile unaifanya forodha ya pamoja isiwe ya pamoja, na mahali ushuru unapotofautiana ndipo afisa anapolazimika kuuliza ulikotoka.

Kwa hiyo wanaokaa Arusha, makao ya Jumuiya, kurahisisha kanuni za uasili wanafagia huku wengine wanamwaga. Unaweza kufupisha fomu mpaka ibaki nusu ukurasa. Madhali misamaha inaongezeka, swali litarudi, na litamkuta aliye kwenye basi.

## Tambi

Mikataba ya biashara inayopishana hivi, mchumi Jagdish Bhagwati mwaka 1995 aliifananisha na bakuli la tambi. Bila shaka hakuwa anafikiria tambi za futari, za nazi na iliki, ambazo angalau unajua zinaanzia sufuria gani.

Tanzania iko EAC, yaani hii Jumuiya ya Afrika Mashariki. Iko SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika. COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, tulitoka mwaka 2000, ingawa majirani kadhaa wamebaki. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Afrika ulisainiwa Kigali Machi 2018, biashara ikafunguliwa rasmi Januari 2021, na mwaka uliofuata tukawa miongoni mwa nchi nane za majaribio. Unajua nini kilichelewa kwenye vigezo vya uasili vya mkataba ule? Nguo na magari. Biashara ilishafunguliwa, wakubwa wakaendelea kuvutana kama shati lihesabiwe kwa sindano au kwa kitanda cha mfumaji.

Na shirika la biashara duniani, WTO, lilijiwekea miaka mitatu kuanzia Julai 1995 ili kupata kanuni moja ya uasili ya kutumika dunia nzima nje ya mikataba ya upendeleo, ile ya kupunguziana ushuru. Kazi hiyo haijaisha hadi leo.

Lakini mahali pamoja waliandika kitu ambacho ningependa kingebandikwa kwenye kila dirisha la forodha. Mkutano wa mawaziri wa Nairobi, Desemba 2015, ulizitaka nchi zinazotoa upendeleo kwa nchi maskini zaidi zifikirie kukubali malighafi ya nje hadi asilimia 75 ya thamani. Robo ikiwa ni jasho lako, inatosha. Mkoba wa Mbagala una zaidi ya nusu.

Uamuzi ule uliwahusu wanaotoa upendeleo wanapopokea mizigo yetu. Sisi kwa sisi hatukuhusika.

## Ukurasa mwingine

Wiki iliyopita nilirudi Mbagala. Lile daftari sasa lina gamba la nailoni, na mwanawe amenunuliwa jingine. Shemeji ameandika safari hii mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto: kitenge, bitana, zipu, uzi, mpaka umeme wa taa ya usiku. Amepiga picha akiwa anashona, na mikoba mitatu ambayo haijaisha iko mezani. Hakuna aliyemwambia apige. Amekata shauri kusafiri na dereva mpya, wa lori la kitunguu, ambaye hulala mpakani na hana haraka.

"Nikiulizwa, nawapa daftari," akasema. "Wakikataa nakupigia, na safari hii usiniambie lipa."

Nikamwambia sawa.

Akaingia ndani akatoka na simu, akanionyesha ujumbe. Kuna mama mmoja Lusaka ameona mikoba kwa mtu, anataka arobaini, itapita Tunduma.

"Huko nako si karatasi hii hii?"

Zambia haiko Afrika Mashariki. Iko SADC pamoja nasi, iko COMESA bila sisi, iko na sisi tena kwenye ule mkubwa wa Afrika. Nikavuta kigoda, nikalichukua daftari, nikatafuta ukurasa mweupe.